Shuka Lenye Tundu

Mtu yeyote anayetaka kujua namna ya kufua shuka la hospitali mpaka liwe jeupe kabisa, aje kwangu. Namna ya kuondoa damu, namna ya kuondoa iodini, namna ya kuondoa vile vitu vingine ambavyo sitavitaja kwa kuwa huenda unasoma huku unakula. Yote nayajua, na niliyasomea. Nilisoma shule ya wasaidizi wa waganga hapa Kindu, enzi za Wabelgiji, na kama pangekuwa na diploma ya povu la sabuni, leo mngeniita daktari.

Lakini sikwenda kule kufua. Nilikwenda kwa ajili ya sindano, na sindano yenyewe niliitaka kwa ajili ya Albertine.

Albertine alikuwa binti wa mzee Okito, kapita, yaani msimamizi, wa wapakiaji mizigo kwenye stesheni ya reli. Okito alikuwa na sauti ya kuamrishia mabehewa, na aliitumia hiyohiyo hata alipoomba chumvi mezani. Mjomba wangu alipokwenda kuniposea, mzee hakuuliza habari za ukoo wala za mahari. Alinguruma tu:

"Binti yangu hataolewa na muntu wa kalamu. Makarani iko wengi sana hapa Kindu, wanajaa kama nzi. Miye nataka mukwe wa sindano. Siku ile sindano itakuwa mu mukono yake, njo siku atabeba bibi yake."

Lazima uelewe sindano ilikuwa kitu gani siku zile. Watu walitoka Lokandu kwa mtumbwi, walitoka hata Kampene kwa miguu, ili wadungwe. Vidonge walivitazama kwa dharau. Dawa ya maji waliinywa kwa adabu tu, wasimkasirishe mganga. Lakini aliyedungwa sindano alirudi kijijini akichechemea kwa fahari, na watu wakamwuliza ilikuwaje. Aliyeshika sindano, infirmier, aliamkiwa njiani na watu wazima. Okito alitaka heshima hiyo iingie nyumbani kwake kupitia mlango wa ukwe, nami sikumlaumu.

Mama yake Albertine, mama Euphrasie, nilikuwa sijawahi kumwona uso. Hilo halikuwa ajabu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawagusani, hawali chungu kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Haya hiyo haingoji harusi. Huanza siku posa inapopelekwa. Kwa hiyo nilipokwenda kwa Okito siku za Jumapili, mama alikaa jikoni nyuma ya ukuta wa matete na kunisemesha kutoka kule. Niliijua sauti yake vizuri: nzito kidogo, na kikohozi kifupi kabla ya kila neno la maana. Akichoka au akikasirika alisema, "Aa, Maria wa Lokandu!" Alibatizwa kule, na sidhani kama aliamini kuna Maria wa mahali pengine. Kila mara alinitumia bakuli la sombe, majani ya muhogo, kwa mkono wa Albertine, mawese yakiwa yameelea juu, na mimi nilisema asante kwa sauti kubwa kuelekea kwenye matete. Mwanamke yule alinipenda, na mimi nilimpenda.

Basi nikaingia shule. Siku ya kwanza Masera Clotilde, mtawa wa Kibelgiji aliyekuwa mkuu wetu, alitugawia makoti meupe. Nilijiona nimekwisha kuoa. Kisha akatugawia ndoo.

"Usafi kwanza," alisema kwa Kiswahili chake cha misheni. "Sindano baadaye."

Baadaye hiyo ilikuwa ndefu ajabu. Tulifua mashuka. Tulichemsha chupa. Tulikunja bandeji zilizofuliwa, tukazifua tena, tukazikunja tena. Tulimwagilia kabichi za watawa na kuwafukuza mbuzi wa jirani. Mwalimu wetu Jérôme, tuliyemwita monitere, alitufundisha majina ya mifupa yote kwa Kifaransa, tukayaimba kama litania mpaka wagonjwa wa wodi ya karibu wakaanza kuitikia. Ningeweza kukutajia mifupa ya sikio lako bila kupumua. Ila ungekuja na homa, ningekupa kabichi.

Na sindano? Ilikuwapo. Sindano ya kufundishia ilikuwa moja, ya kioo, imelazwa kwenye pamba ndani ya kabati, na ufunguo ulining'inia kiunoni mwa Masera karibu na rozari. Kila Ijumaa aliitoa, akaiinua juu, akasema hili ni bomba, hii ni pistoni, hii ni sindano yenyewe, nasi tukatazama kwa midomo wazi. Kisha akaifungia tena. Nilikasirika, nakwambia kweli. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimedanganywa na koti.

Mwenzangu Kasimu, mjukuu wa waungwana wa zamani wa hapa Kindu, hakukasirika. Yeye alicheka kila kitu.

"Florentin," aliniambia siku moja tukikamua shuka, yeye ameshika ncha hii na mimi ile, "tukimaliza hapa, tufungue dobi. Weye utafua, miye nitapokea watu."

Lakini ni yeye huyohuyo aliyetuokoa. Aliiba mapapai mabichi nyuma ya nyumba ya watawa, akavunja miiba ya mchikichi, akatufungulia shule yake nyuma ya choo. Papai alilifunika kwa kitambaa na kulipa jina. "Hii njo monitere Jérôme. Mudunge!" Tulidunga. Monitere alikuwa ametufundisha mambo mawili ya maana, nayo tuliyafuata: pamba hushikwa kwa koleo, wala si kwa vidole, na sindano huingizwa peke yake kwanza, kwa pigo moja la haraka, ndipo bomba lifuate. Nilimdunga monitere Jérôme mpaka nikaweza kumdunga huku nikitazama kama Masera anakuja.

Nyumbani kwa Okito mambo yalikuwa magumu. Mzee alikuwa amekwisha kutangaza stesheni nzima kwamba mkwe wake anadunga.

"Wiki hii umedunga wangapi?" aliniuliza kila Jumapili.

"Tunaendelea, baba."

"Wangapi?"

Kikohozi kifupi kilitoka nyuma ya matete. "Baba Albertine, muachie mutoto akule sombe. Itapoa."

Siku moja Masera Clotilde aliingia darasani amekuwa mwekundu kuliko kawaida. Mganga mkuu wa jimbo alikuwa anakuja kutoka Bukavu kukagua shule. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho angedunga mgonjwa wa kweli mbele ya macho yake, na atakayeweza angepewa diploma siku hiyohiyo. Tulitazamana. Masera naye alitutazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alikumbuka kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuligusa lile bomba.

Habari ilitangazwa mtaani kwamba mganga mkubwa anakuja na sindano. Mtaa ulisikia ulichotaka kusikia: kwamba mganga mkubwa mwenyewe atadunga. Asubuhi ile foleni ilitoka mlangoni mwa hospitali ikapinda mpaka kwenye mifereji ya barabara, wagonjwa kwa wazima, na wengine wamevaa nguo za kanisani.

Kwa kawaida wanawake walidungwa na Masera mwenyewe. Siku hiyo Masera alikuwa na mgeni wa kumtembeza, kwa hiyo mimi na Kasimu tulitumwa chumba cha wanawake. Sikuogopa, kwa sababu ya shuka. Lilikuwa ni wazo la Masera, kwa ajili ya staha: mwanamke alilala kifudifudi, akafunikwa shuka kuanzia utosini hadi nyayoni, na shuka lilikuwa na tundu la mviringo, lililopindwa vizuri kwa uzi, mahali panapohitajika tundu. Huoni mtu, unaona tundu. Shuka lile nilikuwa nimelifua mara nyingi kuliko mashati yangu yote, na nilikijua kila kiraka chake.

Mganga mkuu alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kiko kisichowashwa. Alisimama miguuni mwa kitanda, Masera kulia, monitere Jérôme kushoto. Kasimu alinishikia sinia. Nilichukua pamba kwa koleo, nikaichovya kwenye iodini, nikapaka ndani ya tundu mpaka pote pakawa kahawia. Mkono haukutetemeka. Nikachukua sindano, nikainua.

Chini ya shuka kikatoka kikohozi kifupi.

"Aa, Maria wa Lokandu! Hii baridi!"

Mkono wangu ukabaki hewani.

"Dunga," Kasimu alininong'oneza.

"Siwezi. Njo yeye."

"Yeye nani?"

"Mama mukwe."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Kasimu hakucheka. Nikaanza kupima mambo, haraka, kama mtu aliyekanyaga siafu. Nikikataa kudunga, hakuna diploma, na bila sindano Okito hatanipa Albertine. Nikidunga, nimemvunjia mama mkwe haya, na hakuna ukoo hapa utakaompa binti mtu aliyemdunga mama yake matakoni. Pande zote mbili Albertine alikuwa anaondoka.

"Masera," nilinong'ona, "naomba Kasimu aanze."

Masera alinipa jicho ambalo huwapa mbuzi wanaokula kabichi.

"Usimuguse," Kasimu alinong'ona tena. "Acha sindano njo imuguse."

Nikageuza uso. Niliutazama ukuta, nikatazama dirisha, nikazitazama kabichi zimepangwa kwenye jua, na mkono ukalikumbuka lile papai. Pigo moja. Bomba likafuata. Nikasukuma dawa taratibu, macho yangu kwenye kabichi, nikiwaomba wahenga wote wa pande zote mbili wageuke nao. Chini ya shuka hakukutoka hata mguno.

"Vizuri sana," alisema mganga mkuu kwa Kifaransa. "Ana mkono huyu. Lakini kwa nini anatazama nje?"

"Ni staha, daktari," alisema Masera Clotilde, machozi yakimlengalenga kwa furaha. "Tumewafundisha."

Hawakuwa wametufundisha kitu. Ningelisema hilo, lakini nilikuwa na haraka ya kutoka.

"Jina lako?" aliuliza mganga mkuu.

Nilijaribu kulisema chinichini. Monitere Jérôme, aliyetaka sifa yake nayo isikike, akanisaidia kwa sauti ya darasani: "Tambwe Florentin!"

Ile kelele ambayo sindano ilishindwa kuitoa, jina langu likaitoa. Shuka likasimama. Mama Euphrasie asingeweza kulivua, maana uso wake ungenikuta mimi; basi akalishika kwa mkono mmoja na kutoka nalo mbio, limemfunika kichwa, tundu nyuma amelibana kwa kiganja. Alipita mlangoni, akapita kwenye foleni. Watu waliokuwa wamepanga mstari tangu alfajiri waliona kitu cheupe kisicho na uso kinatoka mbio kwenye chumba cha sindano kikimwita Maria, na kila mmoja alikumbuka kwamba hakuwa mgonjwa. Kufumba na kufumbua uwanja ukabaki na kandambili tu.

Alasiri niliitwa kwa Okito. Kasimu alikuja nami kama shahidi. Ukweli ni kwamba asingekosa jambo lile hata kwa kulipwa. Mzee alikuwa barazani, akitembea huku na huko. Albertine alisimama mlangoni, amelia. Katikati ya baraza, kwenye kiti cha Okito mwenyewe, alikaa dada yake Okito, shangazi Françoise, muuza samaki, ambaye neno lake katika ukoo ule lilikuwa la mwisho. Shuka lilikuwa magotini pake.

"Uliona nini?" shangazi aliniuliza.

"Niliona iodini, shangazi."

"Kabla ya iodini?"

"Kabla sikujua ni nani. Na tundu lenyewe ni dogo."

"Dogo namna gani?"

"Kama sahani ya kikombe."

"Sahani!" Okito alinguruma. "Hii iko sinia ya wali!"

Shangazi Françoise alilikunjua shuka, akalivaa kichwani, akatutazama mmoja mmoja kupitia tundu. Jicho, nusu ya pua. "Miye namuona Okito nusu," alisema. "Na hiyo nusu inatosha. Ulimugusa?"

"Koleo njo iligusa, shangazi," Kasimu alidakia. "Na sindano. Vidole hapana hata kimoja. Na uso wake ulikuwa kule kwa kabichi. Naapa."

Mtu mmoja alicheka nyuma ya nyumba, kisha akajifanya anapiga chafya. Shangazi alivua shuka, akalikunja.

"Haya ilivunjwa," alisema, "lakini haikuvunjwa kwa makusudi. Mukwe ataleta mbuzi. Na hii nguo yenye ilibeba haya ya mama, haiwezi kurudi kulalia wanawake wengine. Itachomwa leo, mbele yetu, na mukono yake yeye mwenyewe. Ikichomwa, mambo imekwisha, na hakuna muntu atalitaja tena. Na weye, Okito. Ulisema siku sindano itakuwa mu mukono yake, njo siku atabeba bibi. Sindano ulitaka. Nyumba yako imeionja. Uko na neno ingine?"

Okito alinyosha kidole kuelekea uani, bila ngurumo. Sijawahi kuona tena jambo kama lile.

Moto ulikuwa umekwisha kuwashwa uani. Nilikuwa nimelishika shuka, nashuka ngazi ya baraza, monitere Jérôme alipotokea kwenye njia, koti halijafungwa vifungo, anahema.

"Florentin! Masera anataka shuka. Ni mali ya Serikali, lina muhuri, na kitabu cha dobi kiko na jina lako. Diploma yako iko mezani, mganga mukubwa amesaini. Lete shuka, uchukue diploma. Bila shuka, usirudi."

Nilisimama katikati ya uani na lile shuka mikononi. Niliona kiraka cha pembeni nilichokishona mwenyewe. Nilikuwa nimeingoja sindano muda mrefu, nikaipata asubuhi moja tu, na mtu aliyejua kazi alisema nina mkono. Iliniuma. Sitasema kwamba haikuniuma, na sitasema kwamba nilikuwa shujaa. Nilimtazama Albertine mlangoni. Hakuniita, wala hakutikisa kichwa. Aliniachia mwenyewe.

Nikalitia shuka motoni. Lilishika polepole, likanuka sabuni, na tundu ndilo lililobaki la mwisho, duara la pindo limezungukwa na moto, kisha nalo likaenda.

"Masikini weye," alisema monitere Jérôme, na nadhani alimaanisha.

Hivyo ndivyo nilivyofukuzwa shule kwa kosa la kupoteza mali ya Serikali, nikaoa. Kasimu alidunga kesho yake, akapata diploma, akapelekwa mji wa Kama kuwadunga watu wa machimbo, na mpaka leo akija Kindu ananiuliza habari za kabichi. Mimi nilifungua dobi karibu na stesheni. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Masera Clotilde. Alileta mashuka, akanisalimia kwa baridi, akasema kwamba hakuna anayefua vizuri kama mimi. Okito huwaambia wageni kuwa mkwe wake ni infirmier, ila kwa sasa amepumzika.

Lakini mama Euphrasie alininyamazia. Sombe iliendelea kuja kwa mkono wa Albertine, mawese juu kama zamani, na nilisema asante kwa matete, na matete hayakujibu. Hata kikohozi. Msimu wa mvua ukapita, mtoto wetu wa kwanza akazaliwa akapewa jina la mama Euphrasie, na bado kimya. Diploma nilikuwa nimeanza kuisahau. Kimya kile kilinikosesha raha kila Jumapili, kwa sababu nilihesabu nimempoteza.

Jumapili moja nilikuwa nimebaki peke yangu uani kwa Okito na bakuli langu. Nyuma ya matete kikatoka kikohozi kifupi.

"Florentin."

Nilisimama. "Naam, mama."

"Masera alinidunga mara mingi. Kila mara nilikuwa nalala tumbo siku mbili." Akakohoa tena. "Ile yako haikuuma. Hata kidogo."

Alikuwa mgonjwa wangu wa kwanza, na wa mwisho. Nilisimama pale bakuli mkononi, machozi yananilenga, nikageuza uso pembeni, ijapokuwa kati yetu kulikuwa na ukuta.